Bonde la Mkono wa Kushoto

Kapteni Urbani aliingia kwenye darasa la kompyuta la Hironimus kwa sababu ya king'ora. Alikuwa anapita zake mtaa wa Msamala, mjini Songea, ametoka kununua dagaa wa Nyasa, anatembea taratibu karibu na ukuta kama ilivyokuwa kawaida yake siku hizo, aliposikia injini ya ndege ndogo ikihema ndani ya chumba cha duka. Juu ya injini kililia king'ora kinachomwonya rubani kwamba mabawa yameishiwa upepo. Hakujiuliza ndege imefikaje dukani. Alisukuma mlango akapaza sauti:

"Shusha pua! Shusha pua, utaanguka!"

Hironimus alikuwa peke yake mbele ya kompyuta. Alishtuka, akasukuma mbele fimbo ya kuongozea ndege. Pua ya ndege ikashuka, king'ora kikanyamaza.

"Sasa ongeza moto," sauti ile ikaendelea kutoka mlangoni, safari hii kwa upole. "Usiivute. Iache yenyewe ipate mwendo. Ndiyo hivyo."

Hironimus aligeuka, akamwona mzee mrefu mwenye koti la kahawia na mfuko wa dagaa mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani amekufundisha kurusha ndege vibaya namna hiyo?"

"Hakuna aliyenifundisha. Ni mchezo tu, mzee, uko kwenye kompyuta."

"Ndege siyo mchezo," alisema Urbani. Kisha akauliza kama anaweza kupata kiti.

Hironimus alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam na kompyuta tatu zilizotumika, mali ya ofisi moja iliyobinafsishwa na kuuza mpaka meza zake. Miaka ile kila mtu Songea aliambiwa kwamba asiyejua kompyuta hatapata kazi tena, kwa hiyo darasa lake lilijaa makarani waliopunguzwa kazini na wasichana waliomaliza kidato cha nne. Jumamosi mchana hakukuwa na masomo. Hapo ndipo alipokuwa anafungua ile programu ya kurusha ndege, ambayo aliikuta ndani ya kompyuta mojawapo na hakuwa na moyo wa kuifuta.

Urbani naye alikuwa amepunguzwa, ila kwa namna yake. Alikuwa rubani wa shirika dogo la umma lililokuwa likipeleka wauguzi, chanjo na karatasi za mitihani kwenye viwanja vya nyasi huko milimani: Umatengo, Ludewa, ukingoni mwa ziwa. Ilipoamuliwa kwamba serikali iache kufanya biashara, shirika lilivunjwa, ndege zikanunuliwa na watu wa nje, na viwanja vikaachiwa mbuzi. Urbani akarudi nyumbani kwa mkewe Anjelika, fundi cherehani aliyekuwa akishona sare za shule barazani kwake. Alikaa. Hakulalamika, ila aliposikia ndege inapita juu ya mji alinyamaza katikati ya sentensi, na ikishapita hakuimalizia.

Baada ya siku ya king'ora, alianza kwenda kwa Hironimus kila Jumamosi. Wakaja na wengine: Lidwina, mwalimu wa jiografia anayecheka kwa sauti hata kanisani, na Daimu, dereva wa lori la tumbaku kutoka Namtumbo, aliyekuwa anajifunza kompyuta ili siku moja aache kulala barabarani. Hironimus aliunganisha mashine zake kwa waya, zikawa zinaonana. Ndege tatu zikawa zinaruka pamoja, moja nyuma ya nyingine, na kila mmoja anawaona wenzake kwenye kioo chake kama panzi watatu angani.

Urbani hakukaa kwenye mashine. Alisimama nyuma yao, mikono juu ya migongo ya viti, akiwaongoza.

"Tunaondoka Songea, tunaelekea magharibi. Sasa mmevuka mto Ruvuma. Mbele mtaona ardhi inaanza kukunjamana, huko ndiko Umatengo. Kila mteremko umechimbwa ngoro, vishimo vya kulimia, vimejipanga kama sega la nyuki. Jua likiwa upande huu kila kishimo kina kivuli chake. Namba mbili, unaviona?"

Namba mbili alikuwa Daimu. Kwenye kioo chake hapakuwa na ngoro. Waliotengeneza programu walikuwa watu wa mbali, wakaitengeneza vizuri miji yao na milima yao. Walipofika mkoa wa Ruvuma walimwaga rangi ya kijani, wakaweka vilima vichache vyenye kona kali kama magunia yaliyopangwa ghalani, wakaendelea na shughuli zao. Ziwa Nyasa lilikuwa bapa la buluu. Kanisa halikuwepo, wala kijiji, wala kiwanja.

Daimu aligeuka kumwambia. Akaona uso wa mzee umeinuka kidogo, macho yanatazama juu ya kompyuta, mahali pasipo na kitu.

"Naviona, mzee," alisema. "Mashallah, vimejipanga."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Siku hiyo hakujua bado kwa nini amesema vile. Wiki iliyofuata walijua wote. Lidwina alikuwa akishuka kwenda kutua, akanyoosha miguu chini ya meza, akachomoa waya wa kioo bila kukusudia. Kioo kikazimika. Kompyuta yenyewe iliendelea kuunguruma, injini ikaendelea kulia kwenye spika, na Urbani, amesimama nyuma yake, akaendelea kusema:

"Vizuri, mwalimu. Naona unashuka sawasawa. Pua kidogo juu. Hapo hapo."

Watatu wale walitazamana. Lidwina alikuwa ameshika fimbo mbele ya kioo cheusi kama sufuria.

"Nimetua, Kapteni," alisema mwishowe.

"Umetua vizuri," alisema Urbani, akampigapiga begani.

Mzee alipoondoka, Hironimus alirudisha waya mahali pake. Daimu alisema, "Basi haoni kabisa." Lidwina akajibu kwamba anaona, nje ameonekana akikwepa baiskeli, labda anaona mwanga na vivuli. Hakuna aliyependekeza wamwambie. Jumamosi iliyofuata, Urbani alipouliza kama wanaliona bati jekundu la kanisa la misheni juu ya mgongo wa mlima, wote watatu waliitikia kwamba wanaliona, na Lidwina akaongeza kwamba kuna watu wanatoka misa.

Anjelika alikuja darasani siku ambayo mvua ilikuwa inakusanyika. Alileta mwavuli, maana njia ikiwa na utelezi mumewe hakuweza tena kuigiza kwamba anaona. Yeye alijua. Kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa akimsogezea kikombe mkononi huku akizungumza habari nyingine, akimsomea gazeti kwa kisingizio kwamba yeye ndiye anataka kujifunza kusoma haraka. Hawakuwa wamewahi kulitaja jambo lile kwa jina. Madaktari wa macho walikuja mara moja kwa mwaka kwenye hospitali ya misheni, padri akawatangaza kanisani, na kila mwaka Urbani alisema, "Jicho halichezewi," na hapo mazungumzo yakaisha.

Alisimama mlangoni na mwavuli wake, akasikiliza. Mumewe alikuwa anaeleza mto wenye mawe meupe, akinamama wanafua, mashuka yametandazwa juu ya mawe, na jinsi walivyokuwa wakipunga mikono ndege ikipita chini. Sauti yake ilikuwa ile aliyokuwa nayo walipooana. Anjelika alisogea ili aone na yeye. Akaona kijani kitupu.

Alimtoa mumewe nje, akamkalisha kibarazani, akarudi ndani na kufunga mlango.

"Mnamdanganya mume wangu."

"Shikamoo, mama," alisema Hironimus.

"Marahaba. Mnamdanganya mume wangu, mtu mzima, rubani. Mmekaa hapa mnamcheka."

"Hatujamcheka, mama," alisema Lidwina, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi nafundisha milima hii darasani mwaka wa nane sasa. Nimeichora ubaoni. Sijawahi kusikia mtu akiieleza hivi. Tukimwambia kwenye mashine haimo, atakuja tena?"

Anjelika alitazama zile kompyuta tatu, akamtazama Daimu ambaye alikuwa amevua kofia yake ya Ijumaa na kuishika mkononi kama mtoto aliyekamatwa.

"Na wewe baba, unamwambia nini?"

"Namwambia naona, mama. Na wallahi akimaliza kueleza, huwa ni kama naona kweli."

Mvua ilianza. Urbani alibisha mlango, akauliza kama kuna kikao cha siri. Anjelika akafungua.

"Nimewaomba wanifundishe," alisema.

"Wewe? Wewe unayeziba masikio ndege ikipita?"

"Ndiyo, mimi."

Ilikuwa kweli kwamba alizichukia ndege. Miaka yote mumewe akiwa milimani, yeye alikaa kwenye cherehani akisikiliza upande wa magharibi. Wingu likitanda huko alishona vibaya, akafumua, akashona tena. Hajawahi kupanda ndege hata siku moja, na wala hakuwahi kuombwa aeleze kwa nini. Sasa Hironimus alimpa kiti cha katikati na fimbo, na Urbani akavuta stuli akakaa pembeni yake, mdomo karibu na sikio lake.

Wiki za mwanzo alianguka kila mahali. Alianguka Songea penyewe kabla hajaondoka. Lidwina alicheka mpaka akatoka nje. Lakini mikono iliyozoea kuongoza kitambaa chini ya sindano ilijifunza upesi kwamba ndege haitaki kuvutwa, na kabla ya Krismasi Anjelika ndiye aliyekuwa namba moja, wengine wanafuata mkia wake. Walikwenda Madaba na kurudi. Walifuata ukingo wa ziwa mpaka Liuli. Urbani akieleza, Anjelika aliitikia: naona mitumbwi, naona moshi, naona watoto wanakimbia. Mwanzoni kila jibu alilihesabu kuwa uongo. Baadaye hakujua lini aliacha kuhesabu.

"Sasa najua kwa nini ulikuwa unachelewa kurudi," alimwambia siku moja wakitembea kwenda nyumbani, amemshika mkono kwa namna ambayo mtu akiwaona angedhani ni yeye anayeongozwa.

"Nilikuwa sichelewi. Wewe ulikuwa unahesabu haraka."

Kiwanja alichokipenda Urbani kuliko vyote kiliitwa Lisungo, kipande cha nyasi juu ya mgongo wa mlima huko Umatengo, ambacho marubani wengine walikuwa wakikikwepa. Alikuwa amekiweka akiba. Jumamosi moja ya Februari alisema wako tayari.

"Mtaingia kwenye bonde, mtalifuata. Mbele kuna mwamba mweupe, na hapo bonde linagawanyika. Shikeni mkono wa kushoto. Wa kulia hauna pa kutokea, rubani mwenzangu mmoja aliujaribu, Mungu amrehemu. Mkishika kushoto, mlima unafunguka wenyewe kama mlango, na Lisungo ipo mbele yenu. Anje, unauona mwamba?"

"Nauona."

"Geuka."

Aligeuka kushoto. Kwenye kioo, gunia moja kubwa la kijani liliinuka mbele ya pua ya ndege. Anjelika alisubiri lifunguke. Sauti ya mumewe ilikuwa imetulia sana sikioni mwake, naye alikuwa amezoea kuiamini kuliko kioo, kwa hiyo hakuvuta fimbo, akasubiri, na ndege ikaingia mlimani. Spika zilitoa mlio wa chuma kinachovunjika. Kisha kimya.

"Anje?"

"Nimegonga."

"Umegeukia wapi?"

"Kushoto. Kama ulivyosema."

Urbani alinyoosha mkono, akautafuta mkono wa mkewe juu ya fimbo, akaushika.

"Basi nimesahau," alisema. "Ni kulia. Nimesahau, nimekuua."

"Mimi niko hapa, Urbani. Nimekaa kwenye kiti."

"Nimekupeleka kwenye mlima kwa mdomo wangu mwenyewe."

Lidwina alitaka kusema. Anjelika alimtazama, akatikisa kichwa. Alikuwa ameamua kumwambia mwenyewe, nyumbani, ukweli wote, usiku huo huo asilale nao. Lakini walipofika nyumbani na kuvua viatu, Urbani alitangulia kusema.

"Kichwa kimeanza kusahau, sasa nahitaji macho. Wale madaktari wa macho wanakuja lini?"

Anjelika alilimeza alilotaka kusema. "Mwezi ujao," alijibu. "Kabla ya Pasaka."

"Nitakwenda."

Alikwenda, na Daimu ndiye aliyewapeleka kwa lori. Kwenye benchi la hospitali, mtu ambaye alikuwa ametua kwenye migongo ya milima katikati ya ukungu alisali rozari na kutokwa jasho mpaka shati likalowa. Walimpasua jicho la kulia, wakamtoa mtoto wa jicho. Asubuhi ya pili muuguzi aliondoa bandeji, akamwambia afumbue polepole. Urbani alifumbua. Alimtazama muuguzi, akatazama dirisha, akatazama mti wa mwarobaini nje ya dirisha kwa muda mrefu. Kisha akamtazama mwanamke aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda akiuma pindo la kanga yake.

"Una mvi," alisema.

"Na wewe una sura ya babu," alijibu Anjelika, na ndipo machozi yakamtoka.

Darasani Msamala kulikuwa na hofu. Hironimus alitaka waseme kompyuta zimeharibika. Daimu alisema uongo mmoja unatosha. Lidwina alifuta vumbi kwenye vioo, kisha akacheka mwenyewe kwa kuona anavyovifuta ili mzee aone vizuri kile ambacho hakipo.

Urbani aliingia Jumamosi baada ya Pasaka, amevaa shati jipya alilolishona mkewe, hagusi ukuta. Alisalimiana na kila mmoja kwa kumtazama usoni. Alimwambia Daimu kwamba alimdhani mnene. Kisha akavuta kiti cha katikati, akakaa mwenyewe mbele ya mashine kwa mara ya kwanza.

"Tupelekeni Umatengo," alisema.

Hironimus alibonyeza. Injini ikalia, kijani kikajaa kwenye kioo, vile vilima vyenye kona vikaja. Urbani alisogeza uso karibu. Akarudi nyuma. Akasogea tena.

"Hii ni nini?"

"Umatengo, mzee."

"Hapana. Haya magunia?" Alinyoosha kidole, akagusa kioo. "Ngoro ziko wapi? Kanisa liko wapi?"

Ndege iliendelea kuruka yenyewe juu ya kijani.

"Halijawahi kuwepo, mzee," alisema Daimu. "Tusamehe. Hapakuwa na kitu tangu mwanzo."

Urbani aligeuka. Jicho lake moja jipya lilikuwa na maji. Liliwapita wale watatu, likamfikia Anjelika aliyesimama mlangoni.

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Alisimama akatoka. Anjelika alimfuata nyuma, mbali kidogo, kwa kuwa sasa hakuhitaji kushikwa mkono.

Siku zilizofuata Urbani alikuwa mtu wa heshima na maneno machache, na hilo lilimuumiza Anjelika kuliko kama angegomba. Alikula, alishukuru, alikwenda kukaa chini ya mparachichi nyuma ya nyumba na gazeti alilolisoma mwenyewe. Jumamosi ikaja, hakwenda. Lidwina alipita na ndizi, akapokewa vizuri, akaondoka bila kucheka.

Alasiri moja Anjelika alikuwa anaunga kola ya sare, Urbani akaja akasimama mbele ya cherehani.

"Ule mlima uliougonga," alisema. "Kwenye ile mashine. Ulikuwa wapi?"

Anjelika aliacha gurudumu lisimame. "Katikati ya bonde. Ulikuwa unaniambia patafunguka, lakini pale pana mlima."

"Kwa hiyo sikukosea."

"Hukukosea. Wao ndio wameuweka mlima mahali siyo."

"Na ukaniacha nifikiri nimekuua."

"Nilitaka kukuambia usiku ule ule. Ukauliza habari za madaktari. Ningekuambia, ungekwenda?"

Urbani alifikiri kwa uaminifu. "Nisingekwenda," alisema. Alivuta kigoda akakaa. Akaokota kipande cha kitambaa sakafuni, akakikunja, akakikunjua.

"Nilipokuwa nasema mto, na wale akinamama, na mashuka. Wewe ulikuwa unaona nini?"

"Mwanzoni sikuona kitu. Nilikuwa naitikia tu ili ufurahi." Alitafuta namna ya kulisema linalofuata, hakulipata zuri, akalisema lilivyo. "Mimi sijafika Umatengo, Urbani. Miaka yote hiyo ulikuwa unakwenda mahali ambapo mimi nilikuwa napaogopa tu. Hukuwahi kunieleza. Ulikuwa unarudi, unakula, unalala. Pale kwa Hironimus ndipo uliponipeleka. Mwishoni nilikuwa naona, kwa jinsi ulivyosema. Mashuka nayaona mpaka leo."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, na Anjelika alidhani analia, mpaka akasikia kwamba anacheka.

"Mwalimu alikuwa anasema watu wanatoka misa," alisema. "Jumamosi! Saa kumi jioni! Na mimi nikakubali."

Alikwenda kumtafuta Daimu siku hiyo hiyo. Tumbaku ilikuwa haijaanza kununuliwa, lori lilikuwa limekaa bure, na tajiri wake hakuwa na neno. Waliondoka alfajiri, Urbani na Anjelika mbele pamoja na Daimu, Lidwina na Hironimus nyuma juu ya maturubai na mkungu wa ndizi. Barabara ya Mbinga ilikuwa imechimbika kwa masika. Baada ya Mbinga ilianza kupanda, na Anjelika, aliyebanwa kati ya wanaume wawili, aliona ardhi inakunjamana. Mteremko baada ya mteremko ulikuwa umechimbwa vishimo, na jua la asubuhi lilikuwa limeweka kivuli katika kila kimoja. Alimshika mumewe goti.

"Ngoro," alisema.

"Si nilikuambia?"

Lori liliishia pale njia ilipoishia. Sehemu iliyobaki walitembea kwa miguu, wakatokea juu ya mgongo wa mlima kwenye shamba refu la maharage. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia na jembe la mkono aliinuka kuwatazama. Aliitwa Kunegunda. Walisalimiana, Urbani akauliza kiwanja cha ndege cha Lisungo kiko wapi.

"Mmesimama juu yake," alisema Kunegunda. "Ndege ziliacha kuja, tukasubiri. Tukaona nyasi zinaota bure, tukagawana."

Urbani alitazama maharage. Alitembea mpaka ukingoni, pale ardhi ilipoporomoka kwenda bondeni, akaligeuzia bonde mgongo, akanyoosha mikono kama mabawa ili ajue rubani anayekuja angekuwa amekaaje. Chini kule bonde lilikuwa limegawanyika mara mbili kwenye mwamba mweupe. Tawi moja liliishia kwenye ukuta wa mawe. Jingine lilipinda, likafunguka, likapanda mpaka pale walipokuwa wamesimama.

"Kushoto," alisema. Kisha akapaza sauti mpaka mwangwi ukajibu: "Ni kushoto!"

"Ni kushoto, Kapteni!" aliitikia Lidwina, na kicheko chake kikarudi chote.

"Lakini mzee," alisema Hironimus, aliyekuwa anageuka huku na huko, "mbona kanisa lile pale bati lake siyo jekundu?"

Wote walitazama. Juu ya mgongo wa mlima wa pili kulikuwa na kanisa lenye bati la kijivu.

"Walilibadilisha," alisema Urbani.

"Halijawahi kubadilishwa," alisema Kunegunda. "Babu yangu alibeba yale mabati kichwani. Kanisa jekundu ni la kule Ludewa."

Daimu alikaa chini kwenye majani kwa kucheka. "Kwa hiyo, mzee, na wewe ulikuwa unatudanganya!"

"Nilikuwa nimechanganya. Siyo kudanganya."

"Na sisi tukaliona jekundu," alisema Lidwina. "Wote watatu. Jekundu kabisa!"

Kunegunda alikuwa msichana wakati wa zile ndege. Aliwaeleza kwamba wakisikia injini walikuwa wanakimbia kufukuza mbuzi, na kwamba mara moja mdogo wake aliyeumwa na nyoka alichukuliwa na ndege ile, akapona, sasa ana watoto watano na amehamia Nakapanya, anauza nguo kando ya barabara. Alimtazama Urbani vizuri. Hakuwa na uhakika kama ni yeye, na Urbani naye hakuwa na uhakika, maana alikuwa amebeba wengi. Kunegunda alimshika mkono kwa mikono miwili hata hivyo. Kisha akaenda kuwachumia maharage mabichi.

Anjelika alivua viatu.

"Nionyeshe magurudumu yalikuwa yanagusa wapi," alisema.

Urbani alimwongoza mpaka karibu na ukingo, kwenye mstari wa kwanza wa maharage. Hapa, alisema, ikiwa upepo ni mzuri. Ukigusa kabla ya hapa umekwisha, ukichelewa sana unamalizia kwenye kaburi la katekista. Walianza kutembea katikati ya mistari, kutoka ukingoni kwenda juu, jinsi ndege ilivyokuwa ikikimbia ikitafuta kusimama. Udongo ulikuwa laini na umelowa. Anjelika alizama, akacheka, akamshika mumewe kiuno, na wote wawili nusura waanguke juu ya mazao ya watu. Nyuma yao Kunegunda alipaza sauti kwamba wakanyage wasiogope, ni maharage tu, yatainuka.

"Polepole," alisema Urbani. "Usiivute. Iache yenyewe ipunguze mwendo."

Walifika mwisho wa kiwanja wakihema. Mbele yao mlima ulishuka upande wa pili, na mbali sana, chini ya wingu jepesi, palikuwa na mstari wa maji.

"Lile ni ziwa?" aliuliza Anjelika.

Urbani alifunga jicho ambalo halijafanyiwa kitu, akatazama kwa lile jingine.

"Sioni vizuri mpaka kule," alisema. "Niambie wewe likoje."

Basi Anjelika akamshika mkono, akaanza kumweleza.